Si Kila Uvimbe wa Shingo Ni Saratani, Wala Si Kila Aliyepona Aliponywa

Mtu akiota uvimbe mguuni huulizwa amejigonga wapi. Akiota uvimbe shingoni haulizwi kitu. Watu hutazamana tu. Aliyeuona mwanzo humwambia wa pili, na kabla ya adhana ya Alasiri mtaa umekwisha kukata hukumu: ni saratani. Na ikiwa mgonjwa ni kijana, na homa imemkondesha, hupatikana wengine wakakata hukumu ya pili, wakanong'ona kuwa ana virusi vya ukimwi. Hakuna aliyempima, hakuna aliyeona karatasi ya maabara, na mgonjwa mwenyewe hakuulizwa. Lakini hukumu imekwisha kupita, na hukumu ya barazani haina rufani.

Hatusemi haya kwa kuwa saratani ya shingo haipo. Ipo, na inaua. Tunayasema kwa sababu yako maradhi ambayo kwa macho na kwa kupapasa hayatofautiki na saratani, na wala si saratani. Na juu ya kutotofautika huko yamejengwa makosa mengi, na biashara pia, ambayo sisi Waislamu wa mwambao tumeyanyamazia kwa muda mrefu mno.

Maradhi tunayotaka khasa kuyataja huitwa ugonjwa wa Kikuchi. Waliousikia ni wachache, na si ajabu, kwani ni ugonjwa wa nadra. Mwaka 1972, huko Japani, daktari Kikuchi aliuandika, na mwaka huo huo daktari Fujimoto na wenzake nao wakauandika, kila upande bila ya kumtegemea mwenziwe. Ndiyo maana vitabu vyengine huuita kwa majina yote mawili. Japani na nchi za mashariki ya Asia ndiko unakoonekana zaidi, lakini tangu hapo umeandikwa Ulaya, Marekani, India, Saudia na kwengineko. Huwapata zaidi vijana, wengi wao wakiwa chini ya miaka 40, na katika maandishi mengi wanawake huwa wengi kuliko wanaume.

Hivi ndivyo unavyokuja. Binti mzima wa afya huamka siku moja akahisi tezi imevimba ubavuni mwa shingo, mara nyingi upande mmoja, nyuma kidogo ya pale mshipa wa shingo unapopita. Akiigusa yaweza kumuuma kidogo. Baada ya siku chache homa huanza, hupanda jioni na kushuka, usiku hutoka jasho, chakula hakimpendezi, na nguo zikaanza kumpwaya. Damu ikipimwa, mara nyengine seli nyeupe huwa zimepungua. Sasa msomaji na atafakari: tezi za shingo, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Kifua kikuu cha tezi huja hivyo hivyo. Saratani ya tezi, ile waiitayo limfoma, huja hivyo hivyo. Basi ni nani mwenye jicho la kupambanua hapo kwa kukaa kibarazani na kumtazama binti wa watu akipita?

Hata mabingwa wenyewe hukosea. Tezi ikitolewa na kutazamwa kwa hadubini, ndani yake huonekana mabaka ya seli zilizokufa na kumeguka vipandevipande, na seli walaji zimekusanyika kuzila, lakini zile seli za usaha ambazo mtu angezitarajia hazionekani. Kandokando ya mabaka huwa kuna seli kubwakubwa zinazogawanyika kwa haraka, na hizo ndizo zinazomhadaa msomaji asiyekuwa na uzoefu, akaona limfoma. Mwaka 1988 mabingwa wawili wa kazi hii, Dorfman na Berry, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 108 wa ugonjwa huu, na moja katika mambo waliyotilia mkazo ni hili la kuuchanganya na saratani, kwani si wachache ambao vipande vyao vilikuwa vimekwisha kudhaniwa hivyo. Maana yake ni nini? Maana yake ni kuwa mtu aweza kutiwa dawa kali za saratani, nywele zikamnyonyoka na damu ikamwisha, kwa ugonjwa ambao lau angeachwa na vidonge vya kutuliza maumivu ungelimwondokea wenyewe.

Na hapa ndipo tulipotaka kufika. Ugonjwa wa Kikuchi, kwa wagonjwa walio wengi sana, huondoka wenyewe. Baina ya mwezi 1 na miezi 4 tezi hunywea, homa hukatika, mwili hurudi. Sababu yake haijathibitishwa mpaka leo. Wengi hudhani kuwa ni kinga ya mwili iliyochokozwa na kirusi fulani, lakini kirusi hicho hakijatiwa mkononi. Wanaozidiwa hupewa steroidi, au dawa za jamii ya klorokwini. Walio wengi hawahitaji zaidi ya dawa ya homa na subira.

Sasa tufikirie. Ugonjwa unaofanana na saratani kwa kila kitu, kisha unaondoka wenyewe katika mwezi wa tatu. Kwa mganga, hii ni tijara isiyohitaji mtaji! Binti amevimba shingo. Mtaa umesema saratani. Mama yake kampeleka kwa fulani. Fulani kampa kombe la zafarani, na mafuta ya habbasoda, na unga wa mizizi wa kutia ndani ya uji. Wiki nane baadaye shingo imelala kama ya mtoto. Basi mama huyo atakuwa shahidi wa mganga huyo mpaka kufa kwake. Na hatakuwa mwongo. Ataapa, naye ni mkweli kwa aliyoyaona: uvimbe ulikuwapo, na uvimbe haupo. Lakini lile neno la katikati, neno saratani, hakulishuhudia yeye wala hakulishuhudia mganga. Alilipokea mtaani.

Ushahidi wa namna hii ndio unaozunguka leo katika simu za watu, sauti kwa sauti, na chini yake kuna nambari ya kutuma pesa. Sheria yetu haimkubali shahidi katika shamba la minazi kumi mpaka aseme amejua vipi analolishuhudia. Je, roho ya mtu ni rahisi kuliko minazi kumi? Mwanamke mwengine, mwenye limfoma ya kweli, husikia ushahidi ule, akaacha hospitali alikokwisha andikiwa siku ya kuanza tiba, akenda kunywa uji wa mizizi. Miezi mitatu iliyomtosha yule wa kwanza kupona ndiyo miezi mitatu iliyomtosha huyu kuharibikiwa. Na huyu harekodiwi sauti. Wafu hawatumi ushahidi.

Asije mtu akatusingizia kuwa tunapinga kusomewa Qur'ani. Ruqya ni katika sunna, na Mtume (s.a.w.) aliiruhusu maadamu haina ushirikina ndani yake. Amsomee mgonjwa mwenye kumsomea, na mgonjwa ajisomee mwenyewe, kwani hiyo ni dua, na dua haina mpinzani. Tunalolipinga ni kulifanya Neno la Mwenyezi Mungu kuwa kibandiko juu ya chupa, kisha likapangiwa bei, kisha mgonjwa akaambiwa kuwa kwenda hospitali ni upungufu wa imani. Nani aliyeyatoa maneno haya? Mtume (s.a.w.) mwenyewe, Saad bin Abi Waqqas alipougua, alimwelekeza kwa Harith bin Kalada, mtu wa Thaqif, kwa kuwa alikuwa ni mjuzi wa utabibu. Na mabedui walipomuuliza kama watumie dawa, aliwaamrisha watumie, akawaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hii wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi kwa Usama bin Sharik. Saad alikuwa na upungufu wa imani?

Tena iko Hadithi waliyoipokea Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah, ambayo masheikh wetu huisoma darsani lakini ni nadra kuisikia mimbarini: kwamba mwenye kujitia utabibu na hali hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Mdhamini, yaani alipe. Wanazuoni wa fiq'hi wamejenga juu yake mlango mzima. Lau hukumu hii ingesimama katika miji yetu, ni vibanda vingapi vya dawa vingelifungwa kabla ya Ijumaa ijayo?

Na liko jambo baya zaidi ambalo wengi hawalijui. Katika nchi mbalimbali dawa za unga ziuzwazo kwa jina la miti shamba zimepimwa zikakutwa zimetiwa steroidi, kama vile deksamethasoni. Steroidi hupunguza uvimbe kwa haraka. Mwenye Kikuchi akizinywa hupata nafuu. Lakini na mwenye limfoma pia hupata nafuu, uvimbe wake hunywea kwa wiki kadhaa, akamshukuru mganga. Kisha hurudi kwa nguvu mpya. Na msiba wa ziada ni kuwa akienda kukatwa kipande wakati huo, zile seli za saratani huwa zimeharibiwa na dawa kiasi cha kutotambulikana, na majibu hutoka hayana maana. Kwa hiyo hata mwenye duka la dawa anayempa mtu vidonge vya prednisoloni juu ya meza, bila ya cheti, kwa uvimbe wa shingo usiojulikana asili yake, amefanya kosa lile lile la mganga, ingawa amevaa koti jeupe.

Tukimsema mganga basi tusimwonee peke yake. Wako madaktari ambao mgonjwa wa shingo akiwajia, humwanzishia dawa za kifua kikuu pasina kipimo chochote, kwa hoja kuwa kifua kikuu ndicho kilicho kingi. Hoja si ya uongo. Huku kwetu tezi za shingo zilizovimba kwa muda, mara nyingi huwa ni kifua kikuu, au ni uambukizo wa meno, koo na masikio, na virusi vya ukimwi navyo huvimbisha tezi. Kikuchi iko mbali sana nyuma katika safu. Lakini tazama linalotokea. Dawa za kifua kikuu huliwa miezi 6. Mwenye Kikuchi akizianza, mwezi wa tatu tezi zake zitakuwa zimelala, na daktari ataandika kuwa mgonjwa amepokea tiba vizuri. Huyu naye amekuwa shahidi wa asilolishuhudia, na tofauti baina yake na mwenye kombe ni mhuri tu. Na mwenye limfoma akipewa dawa zile zile hupoteza miezi aliyokuwa akiihitaji. Kutibu kwa dhana kuna nyakati zake, daktari asipokuwa na njia nyengine. Lakini pale ambapo hospitali ya mkoa au ya kaunti ina uwezo wa kuchoma sindano au kukata kipande, na kipande hakikukatwa kwa uvivu tu, hiyo si dharura.

Msomaji mwengine atasema: basi kama maradhi haya hujiondokea yenyewe, tungoje. La! Hatukuyaandika haya ili kila mwenye uvimbe ajipe jina la Kikuchi akalala. Hilo lingekuwa ni kutoka katika dhana moja na kuingia nyengine. Mfano ulio kinyume umetoka papa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika khabari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa Kiafrika. Ni saratani ya kweli, na katika zinazokimbia kuliko zote: uvimbe waweza kuwa maradufu kwa siku chache. Kutokana na uvimbe huo ndiko kulikogunduliwa, mwaka 1964, kirusi kinachoitwa Epstein-Barr. Na saratani hii, pamoja na ukali wake, ni katika zilizotangulia kuonekana zikiyeyuka kwa dawa, na watoto wengi wanaowahi tiba hupona. Lakini mtoto huyo huanza kwa jino kulegea na shavu kuvimba. Nyumbani husemwa ni jino, ni matubwitubwi, ni jicho la watu. Hupakwa majivu, hufungwa hirizi, na wiki mbili za kungoja huwa ni nyingi mno kwake. Huyu alidhaniwa hana saratani akafa nayo. Yule alidhaniwa anayo akavunjikiwa na dunia bila sababu. Dhana iliwadhulumu wote wawili, na kipande kidogo cha nyama chini ya hadubini kingewatenga.

Wala Kikuchi si peke yake katika kufanana huku. Küttner, Mjerumani, aliandika mwaka 1896 juu ya tezi ya mate iliyo chini ya taya inayokuwa ngumu kama uvimbe wa saratani, ikakatwa, na saratani isikutwe ndani. Imepita zaidi ya karne moja ndipo ikafahamika kuwa wengi wa wagonjwa hao wana ugonjwa wa kinga ya mwili, ambao steroidi huuyeyusha. Uko ugonjwa wa Kimura, unaoleta vinundu visivyouma nyuma ya masikio na kwenye taya, na mwenye nao hupaswa kupimwa figo. Destombes, Mfaransa, mwaka 1965 aliandika juu ya tezi kubwa za shingo kwa watoto na vijana wa Antili na wa Mali, nchi ya Waislamu wenzetu. Miaka minne baadaye Rosai na Dorfman wakauandika ugonjwa huo Marekani, ukachukua majina yao, na hata leo mabingwa wanabishana wauweke fungu gani. Neno saratani lenyewe tumelipokea kwa Waarabu, na asili yake ni kaa, huyu huyu wa pwani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alijitahidi katika Qanun yake kupambanua baina ya uvimbe mgumu na saratani, na hali hakuwa na hadubini. Yeye alihangaika kutofautisha kwa vidole na akili. Sisi tulio na maabara hatutaki hata kupeleka kipande.

Kwa nini hatutaki? Hoja kubwa inayosikika majumbani ni kuwa kisu huichokoza saratani, kuwa uvimbe ukiguswa na chuma hutawanyika mwili mzima. Watu husema: fulani alikuwa mzima, akenda akakatwa, akafa. Hawasemi kuwa fulani alikaa na uvimbe mwaka mzima akizungushwa, na alipofika mezani pa daktari maradhi yalikuwa yamekwisha kufika kifuani. Kisu hakikumuua, kilimkuta. Kwa tezi za shingo, kuchoma sindano na kuvuta seli, au kuitoa tezi moja nzima ikatazamwa, ni njia inayotumiwa dunia nzima, na katika ugonjwa wa Kikuchi na limfoma kuitoa tezi nzima ni bora kuliko sindano peke yake, kwani sindano huchukua kidogo na huweza kumpotosha msomaji. Aliyechomwa sindano akaambiwa majibu hayakueleweka, asikasirike na kuacha. Aombe tezi itolewe.

Hapa tuingize neno dogo la dukani kwetu. Kipande kikitolewa, na ikawa jamaa ndio watakaokichukua kukipeleka maabara ya mji mwengine, kiwe ndani ya formalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama, na chombo kiandikwe jina. Kipande kilichotiwa katika maji ya mfereji au katika chupa kavu kikapandishwa basi la usiku, hufika kimeoza, na mgonjwa hukatwa mara ya pili bure. Daktari akitaka kukitazamia vijidudu vya kifua kikuu, atakitenga kijisehemu chengine kisichotiwa formalini. Hilo ni lake.

Hoja ya pili ni ya haya. Mwanamke wa Kiislamu afunue shingo yake mbele ya daktari mwanamume? Tunaiheshimu hoja hii kuliko ile ya kwanza, kwani imetoka mahali pema. Lakini jawabu lake liko katika vitabu vya fiq'hi tulivyosomeshwa: atafutwe kwanza tabibu mwanamke, asipopatikana, hufunuliwa kadiri ya haja, na mahramu wake au mwanamke mwengine akiwapo. Shingo hiyo hiyo, ndugu zangu, mbona hufunuliwa kwa mganga, tena katika chumba chenye mafusho na mlango umerudishwa? Haya iliyofungia nje daktari ikamfungulia huyu, ni haya ya namna gani?

Hoja ya tatu ni pesa, na hii hatuifanyii mzaha. Kutoa tezi na kuisomesha kuna gharama, na wako watu ambao gharama hiyo ni chakula cha mwezi. Lakini mgonjwa akifa tutachanga kwa khitma, tutachinja, tutafunga turubai. Arusi za siku tatu zinafanyika katika mitaa hiyo hiyo, na taarabu, na biriani za kumwaga. Jumuiya inayoweza kumzika mtu kwa heshima haiwezi kumlipia kipande kimoja cha nyama angali hai? Kamati za misikiti zina sanduku la sanda. Pasiwe na sanduku la kipimo kwa nini?

Twarudi kwa ndimi, kwani hizo ndizo zinazoanza na ndizo zinazodumu. Ugonjwa wa Kikuchi huwapata vijana, na zaidi mabinti, katika umri ule ule wa kuposwa. Uvimbe uko shingoni. Buibui na mtandio huuficha njiani, lakini hauufichi kwa mashoga na mawifi. Posa zinavunjika. Mama mkwe mtarajiwa hutuma mtu kusema kuwa kijana wao bado anasoma. Hakuna aliyemuuliza binti majibu yake yamesema nini. Na miezi minne baadaye shingo yake ikiwa imelala, lile jina halilali. Mwenyezi Mungu katika Surat Nur, aya ya 15, aliwakaripia walioipokea khabari kwa ndimi zao na kuisema kwa vinywa vyao bila ya elimu, wakaihesabu ni jambo dogo, na mbele Yake ni kubwa. Na katika Surat Hujurat, aya ya 12, ametutahadharisha na dhana. Aya hizi zinasomwa katika kila maulidi na kila hafla, kwa sauti nzuri, na wanaozisikiliza ndio hao hao watakaotoka nje wakaulizana: umeiona shingo ya mtoto wa fulani?

Iko Hadithi katika Abu Dawud, kwa Jabir, ambayo haijakaa mbali na maudhui yetu hata kwa mahali pa jeraha. Watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Kisha akaota usiku ikamlazimu kuoga. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alighadhibika, akawahesabu wale waliomjibu kuwa ndio waliomuua, akaeleza kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza. Watu wale hawakuwa wauza dawa. Hawakumtakia mwenzao shari, na walichomwambia walikidhania kuwa ndiyo dini. Hilo halikuwaokoa na lawama. Basi itakuwaje kwa yule anayejua kuwa hajui, na bado anatoza?

Zimebaki khabari za aliyethibitishwa kuwa ni Kikuchi kweli, maana naye watu humharibia. Akishaambiwa si saratani, nyumbani hupigwa vigelegele, na karatasi ya majibu hutupwa au hufungiwa maandazi. Wachache katika wagonjwa hawa uvimbe huwarudia baada ya miezi au miaka. Na wachache wengine, ama wakati huo huo ama baadaye, hudhihirikiwa na ugonjwa wa lupusi, ambao ni kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, nao huweza kuingia katika figo. Ndiyo maana daktari mwenye kujua kazi yake humwambia mgonjwa arudi kutazamwa kwa miaka kadhaa hata akijiona mzima, na humpima damu na mkojo. Karatasi ile iwekwe pamoja na cheti cha kuzaliwa na cheti cha ndoa. Siku binti huyo atakapoanza kuumwa na viungo asubuhi, au kutokwa na wekundu mashavuni kila akipigwa na jua, au kuvimba miguu akiwa mja mzito, daktari mwengine, katika mji mwengine, atamuuliza kama aliwahi kuvimba shingo, na tezi ile ilisomwa kuwa nini.